Likizo ya Nyumbani, Lakini ya Nani?



Kila mwaka, mitihani inapokwisha na sikukuu ya Uhuru ya tarehe 30 Juni inapopita, swali moja huanza kuzunguka sokoni, njiani na mbele ya kanisa: "Vakanse hii mnakwenda wapi?" Anayekwenda Kolwezi au Lubumbashi hujibu kwa sauti. Anayebaki hujibu chini chini kwamba mwaka huu hakuna njia, kana kwamba ameulizwa kosa alilolitenda. Tunaandika ukurasa huu kupinga aibu hiyo. Tunauandika pia kupinga jambo la pili, zito kuliko la kwanza, nalo ni uongo uliojificha ndani ya sifa tunazoipa likizo ya nyumbani. Kwa maana wengi wanaosema kwamba wamepumzika nyumbani wamepumzika juu ya migongo ya wengine.

Tuanze na aibu. Fikra kwamba likizo ni safari haikuanguka kutoka mbinguni. Katika nchi hii ya shaba ina historia yake. Enzi za Union Minière, na baadaye chini ya shirika la Serikali lililorithi migodi hiyo mwaka 1967 na kujulikana kwa jina la Gécamines, mfanyakazi alikuwa na mshahara, nyumba ya kampuni, hospitali, shule ya watoto na likizo iliyoandikwa kwenye karatasi. Alipokuja kijijini kusalimia, alifika na sanduku, vitenge na sukari, na watoto wakamkimbilia njiani. Hivyo tukajifunza kwamba kupumzika ni haki ya mwenye mshahara, na kwamba mtu hupumzikia mahali asipoishi. Kisha mambo yakaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa Gécamines ukashuka katika miaka iliyofuata, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na karatasi ya likizo ikapotea pamoja nayo. Lakini picha ya lile sanduku ilibaki vichwani mwetu.

Leo mtu asiye na mshahara anakopa ili aingie katika picha hiyo. Anauza mbuzi, anapanda lori juu ya magunia, anakula vumbi la njia siku kadhaa, anafika mjini kwa ndugu ambao nao hawana nafasi wala chakula cha kutosha, anapigwa picha kando ya jengo refu, kisha anarudi. Anarudi na deni mwanzoni mwa Septemba, saa ile ile ambapo mtoto anahitaji daftari, sare na viatu. Shule ya msingi ya Serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini hakuna aliyetangaza kwamba daftari nazo ni bure. Hatumshutumu anayesafiri kwa msiba, kwa ugonjwa au kwenda kumwona mzazi aliye mbali. Tunapinga safari ya kuonekana, ile ambayo mtoto huilipia kwa kukaa nje ya darasa.

Hapa kwetu Musumba tungepaswa kuwa wa mwisho kuona aibu ya kubaki nyumbani. Jina lenyewe la mahali hapa lina maana ya makao ya mfalme, na simulizi ambalo watoto wa Walunda wamelisikia kwa wazee tangu zamani linaanzia uani. Mzee alikuwa ameketi akisuka mkeka, chungu cha maji kando yake. Wanawe, Kinguri na Chinyama, walifika wamelewa, wakayadhania maji yale kuwa pombe, wakamshutumu baba yao kwa uchoyo, wakampiga. Ruwej, binti yake, ndiye aliyemwuguza, naye akapewa lukano, bangili ya utawala. Ndugu zake waliondoka kwenda magharibi, na mataifa ya huko huwataja hata leo. Hatuwadharau waliosafiri. Lakini lukano ilibaki kwa aliyemtunza mzee nyumbani, na Mwant Yav angali akiivaa.

Maandiko nayo hayadai nauli. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, mitume wanarudi kutoka utume wao wamechoka, na watu ni wengi hata hawapati nafasi ya kula. Yesu anawaita waende kando, mahali pa utulivu, wapumzike kidogo. Wanapanda mashua. Lakini tazameni jambo ambalo mara nyingi tunalipita tunaposoma: makutano wanawaona wakiondoka, wanakwenda kwa miguu, na wanafika kabla yao. Mahali pale hapakuwa mbali. Likizo ambayo Bwana aliwapangia mitume wake ilikuwa katika umbali wa mtu anayetembea, na chakula chake, kama tujuavyo, kilikuwa mikate na samaki.

Kanisa limeendelea kufundisha hivyo. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliwakumbusha matajiri wa viwanda kwamba nguvu za mtu zina mpaka, na kwamba pumziko ni deni ambalo mwajiri analo kwa mfanyakazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulitaka wafanyakazi wapate nafasi ya kutosha kwa ajili ya familia, utamaduni, jirani na sala. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliliunganisha pumziko la Dominika na haki za maskini, na hata na ardhi yenyewe, ambayo nayo inahitaji kuachwa ivute pumzi. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba pumziko ni kwa wenye uwezo.

Basi mpaka hapa wengi wenu mnakubaliana nasi, na akina baba labda mnakubaliana zaidi. Sasa tufike kwenye neno gumu.

Mchukueni mama mmoja wa kawaida katika mtaa wowote wa Musumba, mwezi wa Agosti. Anaamka kabla ya wengine wote. Anakwenda kuchota maji, anarudi kuwasha moto, anafagia ua. Anakwenda kuitoa mihogo aliyoiloweka, anaibeba kichwani, anaianika, na ile iliyokauka anaitwanga na kuchekecha unga. Anatafuta kuni. Anatwanga sombe, anasonga bukari, anaosha vyombo, anaogesha wadogo, anamhudumia mgonjwa kama yupo, na jioni maji yamekwisha, anarudi kisimani. Hiyo ni siku yake ya kawaida. Likizo inafika, na watoto waliokuwa wakisoma mbali wanarudi, mpwa naye anakuja, wageni kutoka Kolwezi wanapita kusalimia. Baba anatangaza kwamba mwaka huu familia inapumzika nyumbani. Sufuria inakuwa kubwa zaidi, na anayeisonga ni yule yule. Binti yake aliyemaliza mtihani wiki iliyopita anapewa mtoto mgongoni na ndoo kichwani, na huko ndiko kupumzika kwake. Kaka yake yuko kwenye mpira.

Je, hiyo ni likizo ya nyumba, au ni likizo ya baba? Wapo wanaomsomea mke wao habari za Martha na Maria, kwamba asijisumbue na mambo mengi, kisha katika pumzi ile ile wanauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Huko ni kuigeuza Injili kuwa dhihaka. Kama tunataka Martha aketi, mtu mwingine lazima asimame jikoni.

Amri ya pumziko katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, ina orodha. Inamtaja mwana na binti, mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Inatoa na sababu: ninyi mlikuwa watumwa Misri, basi msimfanye mtu mwingine mtumwa siku mnayopumzika. Mke hatajwi katika orodha hiyo, na wako waliotaka kuona hapo ruhusa. Sisi tunasoma kinyume. Mke hatajwi kati ya wale wanaopewa pumziko na bwana wao kwa sababu amri inaposema "wewe", inamwambia yeye pamoja na mume. Ni mwenye nyumba, si mmoja wa wale wanaongojea ruhusa. Nyumba ambamo hata punda hupumzika na mama hapumziki haijashika amri.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya sheria za kazi, nendeni mkaiambie Serikali. Ni kweli kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 ya nchi yetu inamtambulia mfanyakazi aliyeajiriwa haki ya likizo yenye malipo. Lakini wangapi hapa Musumba wana mwajiri? Mama anayelima shamba lake, baba anayefuma nyavu, kijana anayesukuma baiskeli yenye mizigo, hawa wote hawana ofisi ya kuombea likizo. Hakuna atakayewaandikia karatasi. Kwa maskini, mamlaka pekee yanayoweza kutoa likizo ni nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana tunasema kwamba likizo ya nyumbani ni jambo la haki kwanza, na la starehe baadaye. Baba na mama wanapokaa na kugawana kazi za wiki moja, wanafanya ndani ya ua wao kile ambacho Papa Leo XIII aliwadai matajiri.

Liko neno gumu zaidi, nalo linawahusu watoto. Tunasema: "Mtoto aende kwa mjomba Kolwezi, apumzike, abadili hewa." Ni desturi njema, kwa kuwa mjomba ni mzazi. Lakini tuulize, na tuulize kwa majina ya mahali na ya kazi: huko atafanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni? Mwezi Januari 2016 Amnesty International, pamoja na shirika la Kikongo Afrewatch, walitoa ripoti kuhusu machimbo ya kobalti ya kusini mwa nchi yetu. Watoto waliohojiwa walieleza kwamba hata wale waliokuwa wakisoma walifanya kazi saa 10 hadi 12 kwa siku, mwisho wa juma na wakati wa likizo za shule. Waliokota mawe katika mabaki ya migodi, wakayaosha mtoni, wakabeba magunia, kwa faranga 1,000 au 2,000 kwa siku. UNICEF ilikuwa imekadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi yote ya kusini. Rudieni kusoma maneno yale: wakati wa likizo za shule. Muda ule ambao mwalimu anafunga kitabu ili mtoto apumzike ndio ambao gunia linamngojea.

Hatari ya mashimo hayo haihitaji kuelezwa mbali. Tarehe 27 Juni 2019, siku chache kabla ya likizo, kuta za shimo la KOV karibu na Kolwezi ziliporomoka, na wachimbaji wa mikono zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Hao walikwenda kutafuta riziki, na tunawaombea. Lakini mtoto hana haki ya kuitwa mtafuta riziki. Vumbi analovuta mwezi wa Agosti halibaki Kolwezi anaporudi darasani Septemba. Analirudisha kifuani, pamoja na usingizi ambao hakuupata. Kisha sisi walimu tunamwandika kwamba ni mzito wa akili.

Tunasikia jibu, na si jibu la wavivu: "Asipokwenda, daftari zitatoka wapi?" Hatutamhukumu mjane ambaye ana watoto sita na shamba moja. Lakini swali hili lisiachwe mlangoni pake peke yake. Ni swali la jumuiya nzima. Tunajua kuweka likilemba kwa ajili ya sare za kwaya na kitenge cha sikukuu, na kila mmoja anatoa bila kukosa. Nini kinatuzuia kuweka likilemba ya daftari, inayoanza Januari, fedha kidogo kila mwezi, ili Agosti imkute kila mzazi wa jumuiya ana kitu mkononi? Zitoke hata katika pesa inayokwenda kwenye lutuku jioni za Jumamosi. Na mwanachama asiyeweza kutoa fedha atoe karanga au mahindi, viuzwe. Jumuiya inayozika pamoja inaweza pia kununua kalamu pamoja.

Mungu mwenyewe ametupa majira yanayofaa. Likizo ndefu huangukia katikati ya kiangazi. Mahindi yamekwisha kuvunwa, mvua za kwanza bado hazijaja, jembe linaweza kutundikwa siku chache bila shamba kuharibika. Babu zetu walilijua hilo, nao waliweka katika majira hayo ngoma, matembezi na mashauri ya ukoo. Basi tunapendekeza kila nyumba ichague wiki moja, saba tu, kutoka Dominika hadi Jumamosi, na wiki hiyo iwe na utaratibu huu.

Wiki ya kabla yake, nyumba nzima, wanaume wakiwemo, ikusanye kuni na kutwanga unga wa siku zote saba. Mchi haumtambui mwanamume wala mwanamke. Katika wiki yenyewe, maji ni kazi ya baba na wavulana, tena asubuhi na mapema, watu waone. Moto wa kupika uwashwe mara moja kwa siku. Asubuhi pawe na mihogo ya kuchoma na karanga, na mchana kila mtu alale, mama kwanza. Anayetaka bukari ya pili aisonge mwenyewe.

Siku moja iwe ya mto. Nyumba yote itembee hadi Kalanyi, mahali wazee wanapopajua kuwa salama, na chakula kimebebwa kimekwisha kupikwa. Siku nyingine iwe ya mzee. Achaguliwe babu au bibi mmoja, hasa yule asiyetembelewa, apelekewe unga na sabuni, na watoto wamsikilize akisimulia kwa Kiruund chake, maana lugha nayo hufa kwa kukosa wa kuisikiliza. Jioni ziwe za vitendawili, za mchezo wa kisolo, za nyimbo za kwaya. Anayejua kusoma vizuri awasomee wengine sura moja ya Injili, bila hotuba baadaye. Dominika inayoifungua wiki hiyo achinjwe kuku mmoja, nyumba ile baada ya Misa, na paja lisitengwe kwa ajili ya mtu mmoja.

Hesabuni gharama. Vya kununua ni chumvi, sabuni, mafuta kidogo na sukari, vitu ambavyo nyumba ingevinunua hata bila likizo. Kuku ametoka uani, karanga zimetoka shambani, mto ni wa Mungu. Likizo hii haihitaji mbuzi kuuzwa. Inahitaji kitu ambacho baadhi yetu wanaume tunakiona ghali kuliko mbuzi: kuonekana na ndoo.

Wako watakaocheka. Watasema kwamba katekista ameacha kufundisha amri na kuanza kufundisha kupika. Tunajibu kwamba amri ya tatu haikuandikwa kwa ajili ya benchi la kanisa tu. Saa ya Misa ni moja, na siku ina saa 24. Mkristo anayemwimbia Mungu asubuhi na kumwacha mkewe chini ya mzigo hadi usiku ameshika sehemu ndogo ya Dominika.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akiwauliza mwaka huu mnakwenda wapi, mjibuni bila kuinamisha kichwa: tunabaki nyumbani. Lakini kabla ya kujibu hivyo, kila baba amtazame mkewe, na kila mzazi amtazame mwanawe, ahakikishe kwamba neno "tunabaki" linawahusu wote.

Kwa mashauri katika jumuiya zetu:

1. Katika nyumba yetu, ni nani ambaye hakupumzika hata siku moja katika likizo iliyopita, na ni nani alikula pumziko lake?

2. Mtoto tunayempeleka kwa ndugu mjini, tumeuliza na kujua atafanya nini kila siku?

3. Jumuiya yetu iko tayari kuanza likilemba ya daftari mwezi Januari? Nani atashika kitabu, na nani atamtembelea mzazi asiyeweza kutoa?